Samli Kwenye Mkanda wa Mashine

Harufu ya mkanda wa mpira unaoungua haifanani na nyingine yoyote. Si ya tairi, wala si ya kandambili iliyoangukia motoni. Ina ukali unaopanda puani na kukaa nyuma ya macho, na kwangu mimi, ndani ya ukali huo kuna utamu kidogo wa samli ambao watu wengine hawausikii. Mwaka juzi umeme ulikatika hapa Buhare siku mbili mfululizo. Kijana mmoja jirani, mwenye mashine ya kusaga, akaitoa stoo injini ya dizeli ya marehemu baba yake, akaiwasha, na mkanda wake uliochoka ukaanza kuteleza. Nilikuwa barazani nachambua maharage. Harufu iliponifikia niliweka ungo chini, nikaingia ndani na kufunga mlango. Mke wangu alidhani nimesikia baridi. Nimeishi na mama huyu miaka arobaini na kitu, na haya nitakayowaambia ninyi sijawahi kumwambia.

Nilikulia kijijini, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Butiama, katika nyumba iliyokuwa na mashine ya kusaga peke yake kwa vijiji vinne. Wanawake walikuja na ulezi, mtama na udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, wakapanga madebe na vikapu vyao kwenye foleni, kisha wao wenyewe wakaenda kukaa kivulini kusengenyana. Kikapu kilisimama badala ya mtu. Mwanamke aliyesogeza kikapu cha mwenzake angekumbushwa jambo hilo hadi mavuno mengine.

Injini yenyewe ilikuwa ya kijani iliyofifia, yenye silinda moja, imefungwa kwa boliti kwenye sakafu ya saruji. Kila ubavu ulikuwa na gurudumu zito la chuma, ambalo mafundi waliliita flaiwili. Wanawake waliiita Mama Mkwe, kwa sababu ilibidi uisogelee kwa heshima na hukuweza kujua imeamkaje. Baba ndiye aliyezungusha hendeli ya kuiwashia. Mimi nilishika kishikio kidogo kilicho juu, kinachoachia pumzi ya silinda ili hendeli iwe nyepesi. Baba alianza polepole, kisha haraka, flaiwili zikashika mwendo na kuvuma, jasho likamtoka, ndipo alipopaza sauti: "Achia!" Nami nikaachia. *Tuh.* Kimya kidogo. *Tuh. Tuh-tuh-tuh*, na bati la paa likaanza kutetemeka. Ukiachia mapema, kabla flaiwili hazijashika mwendo, hendeli inarudi nyuma kwa nguvu na kuvunja mkono. Kijiji cha pili alikuwapo mzee ambaye kiganja chake kilitazama pembeni kwa sababu hiyo. Kwa hiyo nilikuwa mtu muhimu sana, mwenye dhamana ya mkono wa baba yake. Hata shuleni nilitembea kama mtu muhimu.

Kisha akaja Wegesa.

Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, dada ya Baba, aliyeolewa Bunda. Shangazi alipougua na kulazwa muda mrefu, Wegesa aliletwa kwetu na sanduku la bati na kidonda gotini. Mimi nilikuwa darasa la sita, yeye la tano. Kwa wiki nzima hakuzungumza sana. Alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha mashine, ameshika shavu, anasikiliza. Nilidhani ni ushamba. Siku ya nane alimwambia Baba, kwa sauti ya mtu anayesema mvua inakuja, "Mjomba, leo inakohoa."

Baba akacheka. Kesho yake injini ikagoma.

Fundi Idi alikuja kutoka Bunda na baiskeli yake, kisanduku cha spana nyuma, kofia ya kitambaa kichwani. Alikuwa mcheshi na mkali kwa wakati mmoja. Alifungua injini, akatandaza vyuma kwenye gunia kwa mpangilio wake, akatuambia tusiguse kitu. Alipokuwa anafuta pistoni kwa tambara alitutazama mimi na Wegesa na kuuliza, "Haya, wasomi. Humu ndani tunatia mafuta ya kuwaka tu. Kule mwisho jiwe linazunguka. Nani ataniambia moto unalizungushaje jiwe?"

Nilikuwa na mwaka mzima na nusu kwenye kishikio kile. Nikanyoosha kifua. "Dizeli inaungua, moshi unatoka kwa nguvu, unazungusha gurudumu."

"Ahaa. Na moshi wa jikoni kwa mama yako, mbona hauzungushi chungu?"

Wanawake wa foleni wakacheka hadi mmoja akashika mbavu, mwingine akamwita mama yangu: "Mama Wambura, fungua mlango, chungu kinaanza kuzunguka!" Masikio yangu yaliwaka.

Wegesa alikuwa anaitazama baiskeli ya Fundi iliyoegemezwa ukutani. Akasema, "Mtu akipanda baiskeli, goti lake linapanda na kushuka. Halizunguki. Lakini pedeli inazunguka."

Fundi Idi aliacha kufuta. "Endelea."

"Hicho ulichoshika ndicho goti. Chuma hiki kirefu ni mguu wa chini. Na kile kilichopinda kule chini ndiyo pedeli."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nimeangaliaga magoti ya watu."

Hapo wanawake walicheka upya, msichana wa darasa la tano kukaa kuangalia magoti ya watu, lakini Fundi hakucheka. Aliketi juu ya kisanduku chake akaanza kumuuliza kama mtu anayemhoji mkubwa mwenzake. Na moto unawakaje bila kiberiti? Wegesa akafikiri, akamuuliza kama pampu ya baiskeli haipati joto ukipampu sana. Fundi akapiga paja. Ndiyo, hewa ikibanwa sana inapata joto kali, dizeli ikirushwa humo inalipuka, na kwa kuwa haina pa kwenda inasukuma goti. "Moto ulio wazi ni wa kuchoma nyama," alisema. "Moto uliofungwa ndio unaofanya kazi." Na goti likishasukumwa mara moja, nani analirudisha juu? Wegesa akanyoosha kidole kwenye flaiwili. "Hilo zito. Ni kama umetoka mlimani na baiskeli. Chini kwenye tambarare hukanyagi, lakini bado inakwenda."

Nilielewa kila neno alilosema. Hilo ndilo lililoniuma. Lilikuwa jambo rahisi, lilikuwa mbele ya macho yangu mwaka mzima na nusu, na nilikuwa nimeshika kishikio nikitazama watu kama wananiona.

Jioni, akinawa mikono kwa majivu, Fundi alimwambia Baba kwamba likizo inayokuja angependa kuchukua mtoto mmoja kwake Bunda, mwezi mzima, amfundishe kazi. Mashine hii ilihitaji mtu wake pale nyumbani. Baba akasema, "Wambura ndiye mwenye mashine kesho." Fundi akajibu, "Mzee mwenzangu, mashine haijuagi mtoto wa nani."

Wakakubaliana hivi: Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo Baba angekwenda Musoma mjini kununua dizeli, na siku hiyo Wegesa angeendesha mashine, kuanzia kuwasha hadi kuzima. Mama angezungusha hendeli, maana Mama alikuwa na mikono yenye nguvu kuliko wanaume wengi. Siku ikipita salama, Wegesa angeondoka na Fundi Jumatatu. Isipopita salama, ningekwenda mimi. Baba aliniambia haya kwa upole, mkono wake begani kwangu. Niliitikia kwa kichwa kama mtu mzima.

Wivu wa mtoto watu huuchukulia kama mchezo. Wangu ulikaa tumboni kama ugali wa udaga usioiva. Nilimchukia Wegesa kwa namna alivyokula, kwa namna alivyofunga kitambaa chake, kwa namna Baba alivyoanza kumwita ndani akisikia mlio asiouelewa. Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa akiniita "mume wangu" tangu nilipozaliwa. Sasa alimwita Wegesa "fundi wangu", na mimi nikaona nimepewa talaka.

Ijumaa mchana watu wote walikuwa shambani. Nilirudi nyumbani kwa kisingizio cha kunywa maji. Mkanda wa mashine ulining'inia kwenye kigingi chake ukutani, kwa sababu Baba aliuvua kila jioni usije ukalegea. Ulikuwa mkanda mpana wa mpira na turubai, upana wa kiganja. Sisi tuliupaka utomvu wa mti mara moja moja ili ushike vizuri puli, yaani yale magurudumu mawili ya injini na ya jiwe unayoyazunguka, usiteleze. Nilichukua kibuyu cha samli cha Bibi chumbani kwake. Nikachota kwa vidole viwili, nikapaka upande wa ndani, ule unaogusa puli, taratibu, duara lote, nikasugua mpaka isionekane. Kisha nikafuta vidole kwenye nywele zangu na kurudi shambani. Mama akasema, "Leo umejipaka, unang'aa," nami nikacheka.

Jambo moja lazima niliseme lilivyokuwa. Sikupanga lawama imfikie kwa njia iliyomfikia. Nilitaka mashine ishindwe tu. Lakini Jumamosi alfajiri, kabla hata kuku hawajashuka, Bibi alimwita Wegesa uani. Kwetu, mtoto anayekwenda kufanya jambo kubwa kwa mara ya kwanza hupakwa samli na mkubwa wake, kwenye paji la uso na mikononi, ili jambo lake lilainike. Mimi nilipakwa siku ya kwanza ya shule. Bibi alimpaka Wegesa mpaka viwiko vikang'aa, akamtemea mate kidogo kifuani, akasema maneno ya nyumbani ambayo sitayaandika. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kusema pale pale; badala yake nilitangulia chumba cha mashine.

Wegesa aliuvisha mkanda kwenye puli akiusukuma kwa viganja kutoka nje, kama tulivyofundishwa. Hakuweza kuisikia harufu ya samli, kwa kuwa yeye mwenyewe alinuka samli. Mama akazungusha. Wegesa aliachia kishikio wakati ule ule ambao ningeachia mimi, labda vizuri zaidi. Injini iliwaka mara moja. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akanitazama, akitaka nifurahi naye.

Jiwe lilizunguka vizuri likiwa tupu. Wegesa akamwaga debe la kwanza la mtama. Jiwe likapunguza mwendo, likasita. Injini haikusita. Iliendelea kupiga vilevile, tena kwa wepesi, flaiwili zikienda, puli yake ikizunguka ndani ya mkanda kama mguu ndani ya matope. Nguvu yote ilikuwapo, ila haikufika. Mkanda ukaanza kulia. Kisha ukaja moshi mwembamba wa buluu.

"Nani anaunga mboga huko?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka nje, na wenzake wakacheka.

Wegesa aliruka kwenye kishikio kuzima, lakini mkanda ulikuwa umeshakatika kwenye mshono. Ulichomoka, ukachapa ukuta kama mjeledi, ukaangusha madebe mawili ya ulezi, ukalala sakafuni unafuka. Hakuna aliyeumia. Kama ungemkuta Wegesa usoni, nisingekuwa naandika kumbukumbu za utotoni leo. Ningekuwa naandika kitu kingine.

Foleni ilivunjika. Walichota ulezi wao kutoka sakafuni pamoja na vumbi. "Eeh, mama, leo tunakula punje kama njiwa." "Nilisemaga mimi, mashine haitaki mtoto wa kike." "Acha, mtoto wa watu kaumia moyo." Wegesa alisimama katikati ya chumba, mikono imenyooka pembeni.

Baba alirudi alasiri. Aliokota kipande cha mkanda, akapitisha kidole, akanusa. "Samli," alisema. Wote tukatazama mikono ya Wegesa, iliyokuwa bado inang'aa. Bibi aliweka kiganja mdomoni, akasema, "Ni mimi. Ni mimi niliyempaka."

Wegesa aliuchukua mkanda. Aliugeuza upande mmoja, akaugeuza wa pili. Akafungua mdomo. Akatutazama mmoja mmoja, akaufunga.

Baba hakumgombeza. Alisema si kosa la mtu, ila mashine haina huruma. Jumatatu Fundi Idi alipofika, alisikiliza yote, akamuuliza Wegesa, "Wewe unasemaje?" Wegesa akajibu, "Itakuwa ni mikono yangu." Fundi akaguna. "Haya. Nipeni mvulana basi."

Mwezi wangu wa Bunda niliupata. Karakana ya Fundi Idi ilikuwa karibu na stendi, na msimu wa pamba ulikuwa umeanza. Malori yalipita yakidondosha pamba nyeupe barabarani, na kutoka kiwanda cha kuchambua ulisikika mlio wa injini kubwa ambazo yetu ilikuwa mtoto kwazo. Fundi alinifundisha kwa haki. Nilijifunza majina ya vyuma vyote na sikujifunza kusikia. Kila nilipokosea hakunipiga wala kunitukana. Aliuliza tu, huku anapuliza vumbi kwenye spana, "Yule binti hajambo?" Na mniamini, nilikuwa nimepata nafasi yake, nilikuwa nalala kwenye mkeka ambao ungekuwa wake, na bado nilimwonea wivu. Nilidhani wivu ni njaa, ukila kile cha mwenzako unashiba.

Niliporudi, Wegesa hakukaa tena kwenye kizingiti. Alikuwa mzuri kwenye jembe, akajitwika maji, akaosha vyombo. Injini ilipokohoa hakusema. Bibi aliishi miaka saba zaidi na hakumpaka samli mtoto mwingine yeyote. Wadogo zangu walianza shule wakiwa wakavu. Alipoulizwa, alisema mkono wake una mkosi. Nilikuwa kando ya kitanda chake wiki ya mwisho, kijana wa sekondari, mwenye maneno mengi ya Kiswahili na Kiingereza, na sikuweza kupata matano ya kumwambia.

Baba alipofariki mashine iliuzwa. Hakukuwa na wa kuiendesha. Mimi nikawa karani, kazi niliyoifanya hadi kustaafu, na sina malalamiko nayo.

Mwezi ule ule wa harufu ya Buhare nilikwenda Bunda kumtafuta Wegesa. Ni mjane, anaishi na mwanawe wa pili, anauza dagaa na ndizi mbele ya nyumba. Tulisalimiana, akaniletea kiti na chai ya maziwa, tukaulizana habari za waliokufa. Kisha nikamwambia. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri njiani, yote yalinitoroka. Nilisema tu, "Dada, samli ile niliipaka mimi. Ijumaa, mchana. Kwa wivu."

Nilitegemea alie, au anifukuze, au aseme yalishapita. Alifukuza nzi kwenye dagaa.

"Upande gani?" aliuliza.

"Nini?"

"Wa mkanda. Ulipaka upande gani?"

"Wa ndani."

Akashusha pumzi. "Mimi niliushika kwa nje. Niliugeuza mkanda siku ile, kwa nje mlikuwa na alama tu za vidole, ndani samli imejaa duara lote. Nikasema moyoni, mikono yangu haikufika huku. Nikawatazama. Mjomba ameshakubali, Bibi ameshakubali, wewe umeinama. Watu wazima wote wanaona jambo moja, mimi peke yangu naona lingine. Nikasema basi, mimi ndiye sioni vizuri."

Aliniambia kwamba tangu siku hiyo, akiona jambo kwa macho yake, huwa anauliza kwanza kama lipo. Mumewe alipofariki, shemeji zake walisogeza mpaka wa shamba, na yeye aliyaona mashimo mapya ya mikonge ya mpakani, aliyahesabu, na hakusema, kwa sababu labda alikuwa amekosea. Alisema haya bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani.

Miaka yote nilidhani nilimnyang'anya Wegesa mwezi mmoja wa Bunda. Nilikuwa hata na hesabu yangu ya kujifariji, kwamba msichana wa zamani zile asingeachwa awe fundi hata hivyo, kwamba wangemwoza tu. Kumbe si Bunda niliyoichukua. Alikuwa na kitu kimoja ambacho sisi wote katika nyumba ile hatukuwa nacho, kuona jambo na kuamini alichoona, na hicho ndicho nilichokionea wivu bila kujua jina lake. Sikuweza kukipata. Nilichoweza ni kumfanya naye asiwe nacho.

Nilipoinuka kuondoka alinishika mkono wa shati. Ni bibi kizee, meno machache, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa darasa la tano.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi?"

"Ulikuwa sahihi, dada."

Akaniomba nirudie, ili mwanawe aliyekuwa ndani naye asikie. Nikarudia.